Rejesho likikushinda, nenda benki kabla tarehe haijapita

Ukipiga hesabu ukaona kabisa kwamba rejesho la nyumba la mwezi ujao halina pa kutokea, nenda benki wiki hii. Usingoje tarehe ipite, usingoje simu ya afisa mikopo, wala usiende kukopa kwengine ili uje ulipe huku. Nenda ukiwa bado hujachelewesha kitu, shati limepigwa pasi na barua iko mkononi.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita mwalimu mwenzangu, bado mdogo, aliniita pembeni ya chumba cha walimu akanionesha barua aliyoikunja mpaka ikawa ndogo kama tiketi ya daladala. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni moja ya kupeleka watalii kuzamia baharini huko kaskazini, wafanyakazi wamepunguzwa na yeye yumo. Marejesho mawili yamepita bila kulipwa. Barua ya benki ilikaa chini ya godoro kwa muda kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa anaogopa kuifungua mbele ya mwenziwe. "Mwalimu, watatutoa ndani?" aliniuliza. Nilimwambia tukae chini tuisome, mstari kwa mstari. Mimi nafundisha hisabati, na mwaka 2020 mambo haya yalipita ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Fuoni, kwa hiyo nilikuwa na la kumwambia.

Nyumba yetu ilijengwa kama zinavyojengwa nyumba nyingi za hapa Unguja. Msingi tulimwaga kwa akiba, matofali tukayapandisha kwa pesa za mchezo wa upatu, kisha kuta zikakaa bila ya bati, ndani ukaota mpapai. Mwaka 2018 mume wangu, ambaye alikuwa mpishi wa hoteli Nungwi, akakopa shilingi milioni 30 kwa miaka mitano, riba asilimia 17 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio, na nyumba yenyewe ikawekwa rehani. Rejesho likawa kama shilingi 745,600 kila mwezi. Tukaezeka, tukapiga plasta, tukatia milango, tukahamia. Miaka miwili tulilipa bila kukosa hata mwezi mmoja.

Ikaja Machi 2020. Ndege za watalii zikasita, hoteli ikafunga geti, wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani bila mshahara mpaka watakapoitwa. Kwa asiyekaa huku ni vigumu kufahamu ukubwa wa jambo lile: mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000, na mwaka 2020 wakawa 260,000 na ushei. Kijiji kizima kinachouza samaki, mboga na kazi ya mikono kwa hoteli kilikaa barazani. Mshahara wangu wa ualimu ulitosha chakula, umeme na skuli ya watoto. Kwa rejesho haukutosha.

Tulikwenda tawini pamoja, mimi na mume wangu, kabla ya tarehe. Kijana wa mikopo alitupokea kwa adabu, akatuita mama na baba, akaangalia kwenye kompyuta yake, kisha akasema: "Mama, hapa hamna tatizo. Mkopo wenu unasoma vizuri. Mkichelewa ndiyo mje, tutaona la kufanya."

Nilimjibu, "Mwanangu, nikichelewa nitakuwa nimeshaharibu. Mimi nataka unisaidie sasa hivi, wakati jina langu bado safi."

Jibu lile la "njoo ukichelewa" bado watu wanaambiwa, na lina madhara makubwa. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, kwa kanuni za Benki Kuu unaingia kwenye kundi la mikopo chechefu, ile isiyolipwa ipasavyo. Hapo benki inalazimika kutenga fedha kufidia hasara, na mkubwa wa tawi anaanza kuulizwa na wakubwa wake kwa nini. Taarifa zako zinakwenda kwenye kampuni za kumbukumbu za wakopaji, ambazo Tanzania zinafanya kazi kwa leseni ya Benki Kuu tangu 2013, na kila benki utakayokwenda kuomba itaziona. Adhabu ya kuchelewa nayo inapanda juu ya deni. Kabla ya siku hizo 90 meneja ana sababu ya kukusikiliza, kwani na yeye hataki mkopo wako umharibie hesabu. Baada yake anayezungumza nawe anakuwa mtu wa makusanyo, na mtu wa makusanyo hana mamlaka ya kupanga upya kitu.

Jambo lililotusaidia ni tangazo la Benki Kuu ya Tanzania la tarehe 12 Mei 2020. Kamati ya Sera ya Fedha ilishusha kiwango cha akiba ambacho benki zinatakiwa kukiweka Benki Kuu kutoka asilimia 7 hadi 6, ikashusha na riba ya kukopesha benki kutoka asilimia 7 hadi 5, na kwenye tangazo hilohilo ikasema kwamba itazilegezea masharti benki zitakazopanga upya mikopo ya wateja walioathirika na korona, kila mteja kwa hali yake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yetu. Niliyachapisha nikayabana na barua yetu.

Barua nayo iwe barua kweli. Ya kwetu ilikuwa ukurasa mmoja. Juu jina la mkopaji, namba ya mkopo, tarehe. Aya ya kwanza ikaeleza kilichotokea na lini, na nyuma yake tukaambatisha barua ya mwajiri ya likizo bila malipo. Aya ya pili ikataja kipato kilichobaki ndani ya nyumba, mshahara wangu, na tukaambatisha hati ya mshahara. Aya ya tatu tukaweka matumizi ya lazima, tarakimu kwa tarakimu: chakula, umeme, maji, nauli, dawa za bi mkubwa, mama wa mume wangu, anayekaa nasi. Aya ya nne ndiyo watu wengi wanaiacha: tunaomba nini hasa, kwa muda gani, na katika muda huo tutalipa shilingi ngapi. Usiandike "naomba mnifikirie". Ukiomba kufikiriwa utafikiriwa mpaka mwaka uishe. Peleka nakala mbili, na ile moja irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala ile yenye muhuri tuliihifadhi pamoja na nakala ya hati ya kiwanja.

Benki ikajibu. Hapa ndipo ninapotaka mtu atulie na kalamu, maana nafuu inayoonekana tamu mwezi huu inaweza kuwa ghali kwa miaka.

Baada ya miaka miwili ya kulipa, deni letu lilikuwa limebaki milioni 20.9. Kama korona isingekuja, tungelilipa marejesho 36 yaliyobaki, jumla kama milioni 26.8, tukamaliza. Benki ilitupa hivi: msilipe kitu miezi sita, kisha tunarefusha mkopo uwe miaka mitano tena, rejesho litashuka mpaka kama 565,500. Mume wangu alishusha pumzi. Laki moja na themanini kila mwezi zinabaki nyumbani, na miezi sita ya kupumua! Nilimwambia asubiri nikae nayo usiku.

Katika miezi sita ile ya kutolipa, riba haikusimama. Kila mwezi riba ya karibu laki tatu inaongezwa juu ya deni, na mwezi unaofuata riba inahesabiwa juu ya deni pamoja na riba ile. Milioni 20.9 inafika milioni 22.75 bila ya sisi kushika hata shilingi. Ukiilipa hiyo kwa miezi 60, 565,500 kila mwezi, jumla unapata milioni 33.9. Kwa maneno mengine, nafuu ile ingetugharimu milioni saba zaidi ya mkopo wa awali. Milioni saba ni darasa zima la saruji na nondo.

Tukarudi na pendekezo letu. Kwa miezi sita tunalipa riba peke yake, kama shilingi 296,000 kila mwezi, ili deni libaki palepale lilipo. Zilikuwa pesa za kubana. Kwenye mshahara wangu zilikata pakubwa, na ndugu wa mume wangu aliye Wete alitusaidia kwa miezi ya mwanzo. Kisha salio lile lile ligawanywe kwa miezi 48, si 60. Rejesho likatoka kama 603,400. Ukijumlisha yote, ongezeko ni kama milioni 3.9. Bado ni ghali, siwezi kusema vyengine, lakini tofauti na lile la mwanzo ni zaidi ya milioni tatu, na nyumba tuliimaliza kuilipa mwisho wa 2024. Benki ilikubali. Ilikubali kwa sababu tuliomba. Ratiba ya kwanza waliyotupa ndiyo iliyokuwa rahisi kwao kuichapisha.

Kwa hiyo ukipewa ratiba mpya, uliza maswali haya hapohapo mezani. Riba ya miezi ya mapumziko inasimama au inaongezwa juu ya deni? Nikiambiwa inaongezwa, deni jipya litakuwa shilingi ngapi siku ya kuanza kulipa? Jumla ya yote nitakayolipa mpaka mwisho ni kiasi gani? Adhabu zilizokwishaandikwa zinafutwa? Nikipata pesa mapema naruhusiwa kulipa zaidi bila faini? Na ada ya kupanga upya ni kiasi gani, nani anailipa? Dai mkataba wa nyongeza uandikwe, na kama mkataba ni wa Kiingereza, kama ulivyokuwa wetu, omba maelezo ya masharti makuu kwa Kiswahili kabla ya sahihi. Kusaini usichokifahamu kwa kuona haya mbele ya kijana wa benki, wallahi, ni hasara unayojitia mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ninalolibeba moyoni tangu wakati ule. Binti wa khalati yangu anaishi Columbus, Ohio. Mwaka ule ule, kazi yake na yeye ilisimama. Nyumba yake ameinunua kwa mkopo unaodhaminiwa na FHA, idara ya serikali ya Marekani inayodhamini mikopo ya nyumba. Tarehe 27 Machi 2020 nchi ile ilitia sahihi sheria ya CARES, na ndani yake mwenye mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali kuu aliruhusiwa kusimamisha marejesho kwa siku zisizozidi 180, na kuongezewa 180 nyengine, kwa kusema tu kwamba korona imemkwamisha. Hakutakiwa kuthibitisha kwa makaratasi. Adhabu haikuruhusiwa, wala riba ya ziada kupita ile iliyokuwa kwenye ratiba. Alipiga simu moja. Na alipoanza kulipa tena, yale malimbikizo yalitengwa pembeni yasizae riba, ayalipe siku atakapouza nyumba au kumaliza mkopo.

Aliponieleza kwenye simu nilinyamaza kidogo. Shida yetu ilikuwa moja, ila yeye alikuwa na sheria ya kuitaja na mimi nilikuwa na huruma ya meneja.

Sisemi kwamba kule mambo yamenyooka. Sheria ile haikuwagusa wenye mikopo isiyokuwa na mkono wa serikali. Na kabla yake, mwaka 2009, baada ya nyumba nyingi kunadiwa, serikali ya Obama ilianzisha mpango wa HAMP wa kurekebisha mikopo. Lengo lilikuwa familia milioni tatu mpaka nne. Ulipofungwa mwisho wa 2016 waliopata marekebisho ya kudumu hawakufika milioni mbili. Watu walipeleka makaratasi yakapotea, wakapeleka tena. Wengine waliambiwa kwanza wachelewe kulipa ndiyo wasaidiwe, neno kwa neno kama tulivyoambiwa sisi.

Lakini mpango ule ulikuwa na kipimo, na kipimo ndicho ninachokitaka. Ulisema rejesho la nyumba lishushwe mpaka lifike asilimia 31 ya kipato cha mwezi cha familia kabla ya makato. Ukasema na njia, kwa mpangilio: kwanza punguza riba, inaweza kushuka mpaka asilimia 2, haijatosha, refusha muda, mpaka miaka 40, bado, weka sehemu ya deni pembeni isizae riba. Mkopaji analipa rejesho jipya kwa miezi mitatu ya majaribio, akiweza linathibitishwa. Serikali ikazilipa benki kwa kila mkopo uliorekebishwa, ili nao waone faida ya kukaa mezani. Chukua familia ya Fuoni yenye kipato cha 800,000: asilimia 31 ni 248,000. Kwa kipimo hicho mtu anaingia benki anajua anachokidai, na afisa anajua anachotakiwa kutoa.

Hapa kwetu tangazo la 2020 lilisema kila mteja kwa hali yake, na hali yake ikaamuliwa na anayemkuta dirishani. Jirani yangu mmoja, benki nyengine, hotelini pamoja na mume wangu, hakupata kitu. Aliambiwa hawana utaratibu huo. Akauza gari.

Mambo ya benki ni ya Muungano, kwa hiyo kanuni ya kudumu lazima itoke Benki Kuu: kipimo cha kipato, muda wa benki kujibu ombi, na marufuku ya kumwambia mtu achelewe kwanza. Ardhi lakini si ya Muungano. Sheria ya Ardhi ya Bara ya 1999 na notisi yake ya siku 60 kabla ya benki kuuza nyumba iliyowekwa rehani haivuki bahari kuja huku. Huku ardhi ni ya umma na sisi tuna haki ya matumizi, kwa sheria zetu wenyewe. Kwa hiyo wawakilishi wetu wa Baraza pale Chukwani wana la kufanya bila kungoja mtu. Na Serikali ya Mapinduzi ina benki yake, PBZ, tangu 1966. Kipimo kikianzia pale, wengine watafuata.

Wengi wananiuliza kuhusu mkopo wa Kiislamu, na nafurahi wakiuliza. Kwenye murabaha benki inanunua vifaa na kukuuzia kwa bei iliyokubaliwa siku ya mkataba. Bei ile haipandi kwa sababu umechelewa, na tozo ya kuchelewa, kama ipo, inatakiwa iende kwenye sadaka, isiwe faida ya benki. Kwa mtu aliyekwama tofauti hiyo ni kubwa: muda ukirefushwa deni halivimbi. Uliza hata hivyo, soma mkataba wako, maana jina la juu ya karatasi halitoshi. Sote tumeisoma aya ya 280 ya Suratul-Baqara, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike. Tunaisoma kwenye darsa kila mwaka. Natamani niione na kwenye fomu ya benki.

Kitu kimoja zaidi, kwa haraka. Usilipe rejesho la nyumba kwa mikopo ya kausha damu wala ya kwenye simu. Usiuze dhahabu kuziba mwezi mmoja wakati hujui wa pili utazibwa na nini. Bi mkubwa alivua bangili zake akaniwekea mkononi, nikamrudishia, nikamwambia hizi tutaziuza tukishajua benki imesema nini. Na kama benki imekataa kukujibu, andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, kisha nenda dawati la malalamiko la Benki Kuu. Tawi lao lipo Gulioni. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019.

Yule mwalimu mwenzangu na mumewe walipeleka barua yao wakiwa wamebakiwa na wiki chache kabla ya siku 90. Mume amepata kazi ya muda kwenye boti ya Mnemba, kipato ni nusu ya cha zamani. Wameomba walipe riba tu kwa miezi sita na adhabu zifutwe. Benki imekubali la kwanza, la pili inasema bado inalijadili. Jumatatu wanarudi, na nimemwambia asisaini mpaka aone jibu la adhabu limeandikwa kwenye karatasi.